Nani Atalipa Deni la Jean Grey?

Jean Grey ni mmoja wa X-Men, kikosi cha mutanti, yaani watu waliozaliwa na nguvu za ajabu. Alifunikwa na maji ya bwawa mwishoni mwa X2, filamu yao ya pili, mwaka 2003. Miaka mitatu baadaye alirudi kwenye X-Men: The Last Stand, akamuua mpenzi wake, akamuua na mwalimu wake, mwisho mwenzake Wolverine, ambaye jina lake jingine ni Logan, akamchoma makucha huku analia. Mwaka 2014, kwenye X-Men: Days of Future Past, tukamkuta amesimama mlangoni pale shuleni, anatabasamu, kama mtu aliyetoka kunywa chai. Mwaka 2019, kwenye Dark Phoenix, akapaa angani na kutoweka tena.

Kampuni ya Fox ilitoa filamu 13 za ulimwengu huu kati ya 2000 na 2020, na mashabiki wametumia muda mwingi wa maisha yao kuzipanga ziingiliane. Wamechora michoro ya kalenda yenye mishale ya rangi, mstari mmoja wa kabla ya 2014 na mwingine wa baada yake, na vijitawi vya Deadpool, mhusika mchekeshaji mwenye filamu zake mwenyewe, pembeni. Nimeisoma michoro hiyo na mingine ni kazi ya kupendeza kweli. Ila naona inakagua hesabu isiyohusika. Kinachonikera mimi kwenye sinema hizi ndefu hakiko kwenye kalenda.

Makosa ya kalenda yenyewe hayahitaji kutafutwa kwa tochi. Kwenye filamu ya kwanza Profesa Xavier, mwalimu wa kikosi, anasema alikutana na Erik, yaani Magneto, rafiki aliyekuja kuwa hasimu wake, akiwa na miaka 17. Ikaja First Class mwaka 2011 ikatuonyesha wanakutana mwaka 1962, wanaume wazima, usiku, ndani ya maji, mmoja anang'ang'ania kuizuia manowari mpaka nusura afe. Filamu hiyo hiyo inamwacha Xavier amepooza miguu kwenye ufukwe wa Cuba, wakati The Last Stand na X-Men Origins: Wolverine zilishatuonyesha anatembea vizuri tu miaka mingi baada ya 1962. Mutanti Emma Frost ni mwanamke mzima mwaka 1962, halafu ni msichana mwishoni mwa miaka ya sabini. Wolverine anakatwa makucha yake ya chuma kule Japani mwaka 2013, na filamu inayofuata anayo, yanang'aa, wala hakuna anayeuliza. Mwenzao Hank McCoy anaonekana kwenye televisheni ya baa mwaka 2003 akiwa mtu wa kawaida, ilhali aligeuka bluu tangu 1962. Hapo shabiki mwenye huruma atakuambia kulikuwa na dawa ya kumrudisha katika umbo la kawaida, na kwa hili ana haki, maana Days of Future Past ilikuja kuionyesha.

Huruma hiyo ina historia yake. Miaka ya sitini Stan Lee alikuwa akiwatumia wasomaji wa vitabu vya katuni vya Marvel tuzo iliyoitwa No-Prize. Mwanzoni ilitolewa kwa mambo mbalimbali, baadaye ikawa hasa ya msomaji aliyeona kosa kwenye hadithi na kulitafutia maelezo yanayoingia akilini. Ulipewa bahasha. Ndani ya bahasha hamkuwa na kitu. Napenda sana ujanja huo, kwa sababu ulikiri wazi kwamba kuunganisha hadithi ni kazi ya msomaji pia, na ujira wake ni raha ya kuifanya.

Sababu za makosa ya Fox ni za kibinadamu. Filamu ya kwanza ilitengenezwa na watu wasiojua kama kutakuwa na ya pili. Mwongozaji Bryan Singer aliiacha ya tatu akaenda kutengeneza Superman Returns, na James Marsden, aliyekuwa akiigiza Scott Summers, yaani Cyclops, mpenzi wa Jean, naye alikuwa na kazi kwenye filamu hiyo hiyo. Ndiyo maana mwaka 2006 Cyclops, kiongozi wa kikosi, anakufa mapema tena nje ya kamera, ikibaki miwani yake ikielea hewani. Ratiba ya mwigizaji ikawa historia rasmi.

Mikataba nayo iliandika sehemu yake. Marvel iliomba ulinzi wa mufilisi Desemba 1996, na kufikia filamu zake zilipoanza kuvuma, haki za wahusika wake wakubwa zilikuwa zimetawanyika: X-Men kwa Fox, Spider-Man kwa Sony. Matokeo yake ni vichekesho kama cha Quicksilver, kijana mwenye mbio za ajabu, ambaye kampuni mbili zilimdai kwa wakati mmoja. Mwaka 2014 alikuwa Evan Peters upande wa Fox. Mwaka 2015 alikuwa Aaron Taylor-Johnson upande wa Marvel, na huko hakuna aliyeruhusiwa kumwita mutanti wala kumtaja baba yake. Disney ilipoinunua Fox Machi 2019, mashabiki wakaanza kusubiri kuta zivunjwe. Mwaka 2021 Evan Peters akabisha hodi kwenye tamthilia ya WandaVision, watu wakaruka vitini, kisha ikabainika kwamba ni mkazi wa kawaida wa mji wa tamthilia hiyo aliyerogwa. Walitaniwa, na wengine hawajasamehe hadi leo.

Yote hayo nayameza bila maji. Tarehe ikikosewa naweza kuisahihisha kichwani kabla muziki haujaisha. Nisichoweza kusahihisha ni deni ambalo hadithi imelikopa mbele ya macho yangu kisha ikakana kwamba ilikopa. Mtu anapokufa na mwenzake akalia, sinema imechukua kitu kwangu, imechukua uchungu wangu kwa ahadi kwamba tukio lile lina uzito. Mwendelezo ninaoudai ni wa uzito huo.

Nadhani watazamaji wa Afrika Mashariki wanalijua hili kuliko wanavyopewa sifa. Wengi tulizipata filamu hizi kwa mafungu, bila mpangilio, ya tatu kabla ya ya kwanza, kwenye vibanda umiza au kwenye DVD zenye filamu nane ndani. Watafsiri wetu, Lufufu wa Dar es Salaam, DJ Afro wa Nairobi na wengine wa kizazi chao, walijenga jina kwa kuzungumza juu ya picha na kuitia maneno yao. Msikilize mtafsiri wa aina hiyo anavyomsaidia mtu aliyeingia katikati. Hamwambii mwaka. Anamwambia huyu ana kisasi na yule kwa sababu alimuulia mama yake. Basi, umeshaingia. Bila kisasi kile ungeona watu waliovaa ngozi wakirushiana magari.

Kisa cha Jean Grey kinaonyesha deni hili vizuri kuliko kingine chochote, na kilianzia kwenye karatasi. Mwaka 1980, kwenye jarida la X-Men lililoandikwa na Chris Claremont na kuchorwa na John Byrne, Jean alishikwa na nguvu iitwayo Phoenix, akaimeza nyota, na sayari iliyoizunguka ikafa pamoja na wakazi wake bilioni tano, jamii inayoitwa D'Bari. Waandishi walikuwa wamepanga anyang'anywe nguvu zake na aende nyumbani kuishi. Mhariri mkuu wa Marvel, Jim Shooter, akakataa. Hoja yake ilikuwa rahisi: mtu hawezi kuteketeza sayari yenye watu halafu arudi kwao salama. Toleo la 137 lilikuwa limeshachorwa, likabadilishwa, na Jean akafa mwezini mbele ya Scott.

Wapo wanaomlaumu Shooter kwa kuingilia kazi ya wasanii. Mimi nasema alikuwa msomaji bora kuliko waandishi wake siku ile. Aliwahesabu watu bilioni tano ambao hawakuwa na jina wala sura, akauliza nani anawalilia.

Halafu mwaka 1986 Marvel ilitaka kuanzisha jarida jipya, X-Factor, lenye wanafunzi watano wa kwanza wa Xavier. Jean alikuwa mmoja wao, na Jean alikuwa amekufa. Ufumbuzi uliotolewa ni wa mwanasheria hodari: aliyeua hakuwa Jean. Ilikuwa ile nguvu yenyewe, imejitwalia umbo na kumbukumbu zake, na Jean halisi muda wote alikuwa amelala ndani ya kifuko chini ya maji ya Jamaica Bay, New York. Hakuna ukurasa hata mmoja uliofutwa. Kila toleo la 1980 lilibaki rasmi, neno kwa neno. Na bado kila kitu kilichokuwa kizito ndani yake kilipeperuka, kwa kuwa mkosaji hakuwa mkosaji na marehemu hakuwa marehemu.

Kutoka hapo naanza kuzipima filamu. The Last Stand ilianza vibaya, kwani haikungoja hata taa ziwashwe: baada ya majina ya watengenezaji kupita, sauti ya Xavier inasikika kutoka kwenye mwili wa mtu mwingine, na kabla ya hapo Magneto aliyevuliwa nguvu ameshatikisa kete ya chesi. Lakini The Wolverine ya James Mangold, mwaka 2013, ilifanya jambo la kiungwana. Ilimchukua Logan ikamweka porini, ndevu zimemjaa, kila usiku anamwota Jean aliyemuua kwa mikono yake. Filamu nyingi za kundi hili humtumia mtangulizi wake kama ngazi. Hii ilimtumia kama jeraha.

Days of Future Past nayo naitetea, ingawa ndiyo iliyofuta karibu kila kitu. Logan anarudishwa mwaka 1973 ndani ya mwili wake wa zamani, anazuia maafa, anaamka kwenye mwaka 2023 ambao Jean na Scott ni wazima. Wenzake hawakumbuki lolote, yeye anakumbuka yote. Furaha ile ameilipia kwa kubaki shahidi peke yake wa dunia iliyokufa. Lingeweza kuwa somo la filamu nzima iliyofuata. Badala yake, X-Men: Apocalypse ya 2016 ilimpa Logan dakika chache za kukimbia uchi wa kifua akiua walinzi, ikasonga mbele.

Na Apocalypse ndipo daftari la madeni lilipochanwa. Mwaka 1983 wa filamu hiyo Magneto anaushika usumaku wa dunia nzima, majengo yanang'oka, madaraja yanakatika, Cairo inageuka vumbi. Ni vigumu kufikiri vifo ni vichache. Mwishoni anasaidia kujenga upya shule ya Xavier, vyuma na matofali vikijipanga hewani, wanaagana kirafiki. Filamu inayofuata, mwaka 1992, anaishi na watu wake kwenye kisiwa chake cha Genosha. Shooter angepata homa.

Kisha Dark Phoenix. Simon Kinberg, aliyeshirikiana na Zak Penn kuandika The Last Stand, alipewa nafasi adimu ya kusimulia kisa kile kile mara ya pili, safari hii akiongoza mwenyewe. Jean, sasa Sophie Turner, anaipokea nguvu ya ajabu angani kama jambo jipya kabisa, ingawa miaka mitatu tu nyuma, kwenye Apocalypse, tulimwona akiwaka moto wa umbo la ndege na kumaliza vita. Hilo ni kosa la kalenda, nalisamehe. Nisilolisamehe ni walichowafanya D'Bari. Wamo kwenye filamu hii. Sayari yao imeteketezwa na nguvu ile kabla haijamfikia Jean, hivyo yeye hana hatia, na wao wamekuja duniani kuwa maadui, wakiongozwa na Jessica Chastain. Waliokuwa wakidai damu yao mwaka 1980 wamegeuzwa wavamizi wa kupigwa ndani ya treni. Kwa haki niseme kifo cha Mystique, mutanti mwenzao, kwa mkono wa Jean kilikuwa na uzito kwa muda, Hank na Erik wakataka kisasi, lakini hasira yao ikayeyuka treni iliposhika kasi. Filamu ilipata takriban dola milioni 252 duniani kote, chini ya filamu zote kuu za kundi hilo. Ya 2006 ilikuwa imepata kama milioni 460.

Lipo jambo moja ambalo Fox hawakuwahi kulipoteza. X-Men ya 2000 inafunguka Poland, mwaka 1944, mvua na tope, mtoto wa Kiyahudi anatenganishwa na wazazi wake kwenye lango la kambi ya mauaji, na lango linapinda kumfuata. First Class, ile ile iliyovuruga umri, miguu ya Xavier na Emma Frost, ililirudia tukio hilo karibu picha kwa picha, ikiwa na mtoto mwingine kwa kuwa wa kwanza alishakua. Ikaendelea kutoka pale: ofisi, sarafu mezani, mama yake anapigwa risasi. Magneto ndiye mhusika pekee wa kundi hili ambaye tarehe yake haisogezwi. Tony Stark alijeruhiwa Vietnam kwenye kurasa za 1963, akahamishiwa Afghanistan kwenye filamu ya 2008, na hadithi haikupungukiwa. Magneto huwezi kumhamisha. Uchungu wake umefungwa kwenye tukio lililotokea kweli, na kila muongo unaopita unamfanya awe mzee zaidi kuliko mwigizaji wake. Michael Fassbender anamwigiza mwaka 1992 akionekana mtu wa miaka arobaini, wakati Erik anapaswa kukaribia sitini. Nani alijali? Waliposhindwa kuchagua vyote viwili, walichagua lango na kuacha hesabu ya umri, na walichagua sawa.

Sikusudii kusema kila utambulisho ulihifadhiwa kwa uangalifu huo. Storm, Ororo Munroe, mama yake kwenye vitabu ni binti wa kifalme wa Kenya, na toleo la 1975 lililomtambulisha linamkuta Xavier akimfuata Kenya kwenyewe, wanakijiji wakimwabudu kama mungu wa mvua. Halle Berry alianza mwaka 2000 na lafudhi ya Kiafrika isiyojulikana ya wapi. Kufikia 2003 lafudhi imekwenda, hakuna aliyeeleza. Mwaka 2016 Alexandra Shipp akatuletea Ororo kibaka wa Cairo, jambo ambalo nalo limo kwenye vitabu, akapewa upande wa adui na sentensi chache. Lafudhi peke yake isingenisumbua. Shida ni kwamba mwanamke huyu, katika filamu zote hizo, hakuna anachodai wala anachodaiwa. Hana jeraha linalotoka filamu moja kwenda nyingine, na ndiyo maana amekuwepo miaka yote na ni wachache wanaoweza kukusimulia kisa chake.

Kwenye vibanda tulikuwa na sheria moja: steringi hafi. Logan ya 2017, ya Mangold tena, iliivunja. Ni mwaka 2029, mutanti wamekwisha, Xavier ana zaidi ya miaka tisini na ugonjwa wa ubongo, na kifafa chake kimoja kiliwaua wanafunzi wake mwenyewe. Tukio hilo hatuonyeshwi. Tunalipata kwa vipande vya taarifa redioni na kwa jinsi Logan anavyomkwepa macho. Je, waliokufa ni Jean na Scott wa ule mwisho mtamu wa 2014? Filamu haisemi. Ndani yake vimo hata vitabu vya katuni vya X-Men, na Logan anavidharau, kwamba yaliyotokea kweli ni machache na hayakuwa vile. Mtunza kalenda anapatwa na wazimu hapa. Lakini kila kovu la filamu zilizopita za maisha yake limo mwilini mwake: hayaponi tena, anachechemea, chuma kile cha ajabu kinamuua taratibu kama sumu. Anakufa akimtetea mtoto, akiwa ameshika mkono wake, na mtoto yule analaza msalaba wa kaburi upande ili uwe herufi X.

Mwaka 2024 Deadpool & Wolverine ilianza kwa kulifukua kaburi lile. Deadpool anakuta mifupa, anaitumia kama silaha kuwachinjia askari huku anacheza muziki. Nilicheka, siwezi kukana. Na kwa herufi ya sheria filamu ilikuwa safi: Logan yule alibaki mfu, Hugh Jackman akarudi kama Wolverine mwingine wa dunia nyingine. Ni ule ule uanasheria wa Jamaica Bay, umekuja na bajeti kubwa. Wolverine huyu mpya anayo hatia yake, aliwaacha wenzake wakauawa, ila tunaisikia kwa maneno tu, juu ya watu ambao hatukuwahi kukaa nao. Pale Laura, mtoto wa 2017, anapoketi naye kando ya moto, machozi yanayotutoka ni ya mkopo kutoka filamu ya Mangold. Ilipata zaidi ya dola bilioni 1.3, hesabu ambayo Fox haikuwahi kuiona kwa filamu yoyote ya mutanti, kwa hiyo usitegemee malimwengu-mbadala yafungwe hivi karibuni.

Marvel wenyewe walikuwa na ugonjwa tofauti. Walitunza kalenda kwa bidii kubwa, kisha wakamgeuza mtazamaji mwanafunzi: kufikia The Marvels ya 2023 ulihitaji kuwa umetazama tamthilia mbili nyumbani ili uwajue wanawake watatu walioko kwenye bango. Hapo kila kitu kiliungana na kila kingine, na ni kichache kilichouma.

Sasa filamu ya Marvel, Avengers: Doomsday, imepangwa kutoka Desemba 2026. Majina yaliyotangazwa Machi 2025 yana waigizaji wa filamu za kwanza za X-Men: Patrick Stewart, Ian McKellen, Rebecca Romijn na James Marsden. La Famke Janssen, Jean wa kwanza, halikuwemo. Michoro ya kalenda tayari inachorwa upya ili kujua watatoka tawi gani. Mimi nitakuwa namtazama Marsden. Scott wake aliuawa na mwanamke aliyempenda, kando ya ziwa, nje ya kamera, kwa sababu za ratiba, na miaka minane baadaye akarudishwa kwa sekunde chache za kumzuia Logan asimguse mchumba wake. Hakuna filamu iliyowahi kumuuliza lolote juu ya hayo. Wakimpa hata dakika mbili za kujibu, haitanisumbua ametoka dunia namba ngapi.